Njuga ya Ntabwoba

Asubuhi hiyo watu wa Nyakivumu walifika kituoni na mapanga mkononi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa njiani kwenda shamba.

Inspekta Asnath Mbwambo aliwatazama kupitia dirisha lisilo na kioo, akashusha pumzi. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, na chumba cha mahabusu kilifungwa kwa kufuli ambalo yeye asingeliamini hata kwenye banda la kuku. Nyuma ya mlango huo alikaa Rigobert Wilondja, mkimbizi wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu. Mbele ya kituo walisimama wanaume waliotaka wakabidhiwe huyo Rigobert, wamalizane naye wenyewe.

"Afande, tuwape maneno au tuwape mabomu ya machozi?" aliuliza Koplo Ildefonce.

"Una mabomu ya machozi?"

"Sina."

"Basi umeshajijibu."

Walikuwa wamemwita kutoka Kasulu jana yake, na alifika na gari lililojaa matope mpaka kwenye vioo. Yeye ni mtu wa Same, kwenye milima ya Upare, ambako kwa mujibu wa watani wake watu hawapotei msituni, wanapotelea mahakamani wakigombea mpaka wa shamba. Lakini kesi aliyoikuta hapa haikuwa ya utani. Jumatatu, Kipriani Ntahondi, mwindaji na mrina asali, aliingia msituni kuwinda nguruwe pori pamoja na shemeji yake, Raymond, kaka wa mkewe. Usiku Raymond alirudi peke yake, amelowa chapachapa, akasema wamepotezana katika ukungu juu ya kilima cha Rusenyi. Mbwa wa Kipriani alimkurupusha nguruwe, Kipriani akafuata mlio wa njuga ya mbwa, na tangu hapo hakuonekana tena.

Jumanne na Jumatano kijiji kizima kilisaka Rusenyi, watu wakaita mpaka sauti zikakauka. Hawakupata hata kiatu. Kisha jana jioni vijana walikutana na Rigobert kwenye njia ya kambini, na ndani ya mzigo wake wa kuni wakaona panga la Kipriani, lile lenye mpini uliozungushiwa waya wa shaba. Kuanzia hapo hakuna aliyesema tena kwamba Kipriani amepotea. Wote walisema ameuawa. Walimpiga Mkongo yule mpaka jicho moja likafunga, na kama Koplo Ildefonce angechelewa kidogo, leo Inspekta angekuwa na maiti mbili za kutafutia maelezo, moja mkononi na nyingine haijulikani iliko.

Nje, sauti moja nzito ilipanda juu ya zile nyingine.

"Jamani, tulieni! Serikali ipo. Wekeni mapanga chini, tusiongeze msiba juu ya msiba."

Alikuwa Raymond mwenyewe, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mrefu mwenye koti la mvua na macho mekundu ya kukosa usingizi. Watu walimsikiliza. Mmoja baada ya mwingine waliketi kwenye nyasi. Asnath alimpenda mtu yule pale pale, na baadaye alilikumbuka jambo hilo kwa hasira.

"Afande," Raymond alisema akiingia, "mimi nachukua vijana, narudi Rusenyi. Shemeji yangu, hata akiwa ni mwili tu, lazima alale nyumbani. Dada yangu hawezi kukaa matanga bila kaburi."

"Nenda ukanywe chai kwanza, mwenyekiti. Nitakuita kabla hamjaondoka."

Alipotoka, Asnath alifungua kufuli, akamtoa mahabusu, akamkalisha kwenye benchi. Panga lilikuwa mezani ndani ya mfuko wa nailoni.

"Rigobert, nieleze tena. Panga hili ulilitoa wapi?"

"Madame, nilishasema, nikasema tena." Alizungumza kwa kubana midomo iliyovimba. "Mi nilienda tafuta kuni. Ile panga njo niliikuta kule ku mto, fasi ya kuvukia, karibu na mafunjo. Ilikuwa chini tu, mu matope."

"Mto gani?"

"Ile ya Mwitanga."

"Kipriani alipotelea Rusenyi. Rusenyi iko mawio, Mwitanga iko machweo. Panga lilitembea?"

"Panga haitembeaka, Madame. Lakini mi siwezi kubadilisha fasi niliikuta sababu bo banapenda ingine."

"Una kibali cha kutoka kambini?"

"Apana." Aliinamisha kichwa. "Kosa hiyo ni yangu, nakubali. Laurentine, bibi yangu, hana kuni ya kupikia watoto. Hiyo ingine si yangu. Vraiment, Madame, mi sikuua mutu."

Koplo Ildefonce alikohoa. Alikuwa mzaliwa wa Kibondo mjini, mwanaume wa maneno machache na tumbo kubwa. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, afande. Tangu jana habadilishi neno."

"Mwongo hodari naye habadilishi neno, koplo."

Hata hivyo alilivuta panga karibu. Kwenye waya wa shaba, katikati ya mizunguko, kulikuwa na tope lililokauka. Alilikwangua kwa ukucha. Lilikuwa jeusi tii. Akatazama viatu vyake mwenyewe, na viatu vya Ildefonce aliyezunguka Rusenyi tangu Jumanne. Vilikuwa vyekundu kama matofali ya kituo.

Jambo hilo halikumsafisha Rigobert. Mtu anaweza kuua popote, kwenye udongo wa rangi yoyote. Lakini kuna aliyekosea mahali, ama Mkongo ama kijiji kizima, na Asnath hakupenda hesabu isiyolingana.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipopenya katikati ya watu nje, kanga begani, miguu mitupu, akaja mpaka mlangoni bila kubisha. Alikuwa Josepha, mke wa Kipriani.

"Afande," alisema akihema. "Mbwa karudi."

*

Walimfungia tena Rigobert, wakamwacha konstebo wa zamu mlangoni. Nyumba ya Kipriani ilikuwa nyuma ya shule, katikati ya migomba. Mbwa alilala kwenye majivu ya jiko la nje, ubavu ukipanda na kushuka. Alikuwa mbwa mdogo wa rangi ya udongo, masikio wima, mkia umejikunja. Aliitwa Ntabwoba, na Ildefonce alieleza kwamba kwa Kiha maana yake ni asiye na hofu. Asubuhi hiyo lakini hofu alikuwa nayo. Asnath alipokaribia, alijikokota kinyumenyume mpaka ukutani.

Tumbo lake na miguu vilikuwa na tope jeusi.

Shingoni alivaa njuga ya chuma, kubwa kama ngumi ya mtoto, kwenye mkanda wa ngozi. Josepha alipiga magoti, akamshika mbwa kichwa, akaanza kuchomoa kitu kilichosokomezwa mdomoni mwa njuga.

"Usitoe!" Asnath alisema kwa ukali mpaka mama wa watu akashtuka. "Samahani, mama. Niachie kwanza nione. Njuga imezibwa kwa nini?"

"Ni kawaida. Mbwa wetu hawa hawabweki, afande. Tunawavalisha njuga. Mkienda, unaiziba, wanyama wasisikie mnakuja. Mkifika kwenye nyayo mbichi, unaifungua, unamwachia mbwa. Sasa inalia, na wewe mwindaji unafuata mlio, hata kama humwoni."

"Na mkirudi?"

"Mkirudi unaiziba tena. Sasa wa kuiziba ni nani, na mwenyewe hayupo?" Swali lake aliliuliza kwa uchungu tu, wala hakujua amesema nini.

Asnath alijua. Alichuchumaa karibu naye. "Kipriani huziba kwa kitu gani?"

"Majani makavu ya mgomba. Nachuma mimi, pale." Alionyesha mgomba wa karibu. "Jumatatu nilimpa mkononi. Akaniambia niweke uji, atarudi mapema."

Asnath alivaa glovu, akavuta kidogo ule mzibo. Haukuwa mgomba. Zilikuwa nyuzinyuzi ndefu, laini, bado zina ukijani, zimesokotwa na kushindiliwa kwa nguvu. Alimtazama Ildefonce, na Ildefonce akatikisa kichwa taratibu.

"Vichwa vya mafunjo," koplo alisema.

"Rusenyi kuna mafunjo?"

Josepha alicheka kicheko kikavu. "Rusenyi ni mawe, afande. Hata maji ya kunawa uso hupati. Mafunjo yako Mwitanga."

Njuga ilifunguliwa shingoni kwa mbwa, ikaingia kwenye bahasha na mzibo wake. Asnath alisimama, magoti yakalia.

"Mama, usimwambie mtu yeyote kuhusu njuga hii. Hata kaka yako."

"Kaka?" Josepha alimkazia macho. "Kwa nini hata kaka?"

Asnath alifunga bahasha. Aliona uso wa mwanamke yule ukibadilika polepole, na akatamani kazi hii ingefanywa na mtu mwingine.

*

Raymond alikuwa ameshapanga vijana wake barabarani Ildefonce alipomkuta. Aliambiwa afande anaomba msaada wa kuchora ramani ya Rusenyi. Alikuja kwa moyo mkunjufu, akachora kwa kalamu ya Asnath, kwa utaratibu, mistari safi. Hapa waliingilia. Hapa waliona nyayo. Hapa ukungu uliwashukia.

"Na hapa ndipo mbwa alipoachiwa?"

"Ndipo hapo. Nguruwe alikatiza, mbwa nyuma yake, shemeji nyuma ya mbwa. Mimi nilichelewa, mguu uliteleza."

"Njuga uliisikia?"

"Niliisikia mpaka jua linazama. Ilizidi kwenda juu, upande wa mawe makubwa. Nikaifuata mpaka nikaipoteza."

"Uliisikia vizuri? Maana ukungu huwa unadanganya masikio."

"Vizuri kabisa, afande. Kama kengele ya kanisa."

Asnath alimshukuru. Kisha akafungua bahasha, akaiweka njuga juu ya ramani.

"Itikise."

Raymond hakunyoosha mikono. Ildefonce aliyesimama mlangoni alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na nyuma ya mlango wa mahabusu pingu za Rigobert zikalia.

"Itikise, mwenyekiti. Ni njuga tu."

Aliitikisa. Haikutoa sauti.

"Mbwa amerudi nayo hivyo hivyo asubuhi hii," Asnath alisema.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alijaribu kuirefusha kidogo. "Labda shemeji aliiziba baadaye. Usiku. Kuogopa chui."

"Yawezekana. Kwa mafunjo ya Rusenyi?"

Asnath aligusa mzibo kwa ncha ya kalamu.

"Mbwa ana tope jeusi tumboni. Panga lina tope jeusi mpinini. Mkongo niliyemfunga anasema Mwitanga tangu jana, mnampiga, anasema Mwitanga. Wewe siku mbili umewapandisha watu kwenye mawe. Mwenyekiti, mlikwenda Mwitanga, hamkwenda Rusenyi. Kipriani yuko wapi?"

Raymond alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya mkulima, mikubwa. Alipoanza kusema, sauti ile nzito iliyotuliza watu asubuhi ilikuwa imekwisha.

"Ni gobore," alisema.

"Gobore gani?"

"La marehemu baba. Serikali ilisema magobore yote yasalimishwe. Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikawaambia watu wasalimishe. Langu nikalificha darini. Kipriani alijua. Jumatatu nilikwenda nalo. Pale kwenye mafunjo niliona majani yanatikisika, njuga inalia pembeni, nikajua nguruwe huyo. Nikapiga. Alilia jina langu, afande. Hakulia mama, hakulia Mungu. Alisema, 'Raymond, umeniua.'"

"Ukafanya nini?"

"Nikakimbia."

"Njuga ilikuwa ikilia?"

"Ilikuwa ikilia. Mbwa alikuwa anamzunguka."

"Ukaenda wapi?"

"Nilikaa msituni. Nikafikiria kifungo. Nikafikiria watu watasemaje. Kisha jioni nikarudi pale."

"Na nini mkononi?"

Raymond aligeuza uso dirishani.

"Nakuuliza, ulirudi na nini mkononi?"

"Na gobore."

"Lina risasi?"

"Nilishalishindilia."

Ildefonce alisema kitu kwa Kiha, kifupi, na hakikuwa kitu cha kutafsiri. Asnath alimnyamazisha kwa mkono. Alijisikia kumpiga mtu yule kofi, na akaiweka mikono yake chini ya meza ili isimwaibishe.

"Ulimwita?"

"Afande?"

"Uliporudi. Mtu anayekwenda kuokoa mwenzake huita. Uliita?"

Machozi yalianza kumtoka Raymond, na Asnath hakuyaonea huruma. "Sikuita. Nilisikiliza njuga tu. Nilijua mbwa hawezi kumwacha, palipo na njuga ndipo alipo. Nikasimama mpaka giza likaanza kuingia. Njuga haikulia. Nikasema basi, maji yamemchukua, na mbwa ameingia naye."

"Wewe ndiye uliyeiziba ulipokimbia," alisema Ildefonce.

"Sikuigusa! Naapa kwa kaburi la baba. Ningemgusaje yule mbwa, ananionyesha meno? Niliiacha inalia!"

Asnath alikuwa ameshasimama. Kiti kilianguka nyuma yake, na hakukiinua.

Mtu huyu aliyedanganya tangu Jumatatu, sasa alikuwa akisema kweli, tena kweli isiyomsaidia kitu. Njuga ilikuwa wazi alipokimbia. Aliporudi na gobore ilikuwa imezibwa. Katika mafunjo yale hapakuwa na mtu mwingine wa kuiziba ila mmoja.

"Kipriani aliiziba mwenyewe," alisema. "Alikusikia unarudi bila kumwita. Akajua umefuata nini. Akamshika mbwa, akaisokomeza njuga kwa alichokipata karibu, akalala kimya na jeraha lake huku wewe umesimama pale unasikiliza." Alimgeukia Ildefonce. "Koplo, asubuhi hii kuna mtu aliyemruhusu mbwa arudi nyumbani, na akahakikisha njuga imefungwa ili njiani asiisikie mtu mwingine. Mzibo ule bado una ukijani. Haukukaa tangu Jumatatu. Ameubadilisha."

Ildefonce alivua kofia. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Afande, Jumanne jioni tulirudi kwa kuzunguka, tukashukia Mwitanga. Vijana walitaka kunywa maji. Huyu alikuwa mbele yetu, anaita kwa sauti, 'Shemeji! Shemeji yangu!' Mimi nikasema moyoni, huyu ndiye shemeji wa kweli."

"Na yule kule akasikia sauti ya nani?"

Koplo alifunga macho.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Kijiji kizima kilipita hatua chache kutoka kwa mtu wao, kikimwita kwa upendo, na kila kilivyoita ndivyo alivyozidi kujizika kwenye matope. Kwa masikio ya Kipriani, wote walikuwa watu wa Raymond.

*

Raymond aliingia kwenye chumba kile kile alichokuwamo Rigobert, na kufuli lile lile likafungwa. Gobore lililetwa kutoka darini. Asnath aliwaambia watu waliokuwa nje kwamba mahabusu wamebadilishana nafasi, na kwamba atakayemgusa Mkongo atalala naye huyo mpya. Hakuna aliyesogea. Wengine walitazama chini, na mzee mmoja alivua kofia yake Rigobert alipopita, ingawa hakusema neno.

Asnath alimfungua pingu mwenyewe. "Nahitaji mtu wa kunionyesha pale ulipookota panga. Raymond anapajua, lakini sitaki sauti yake wala harufu yake ifike kule. Una haki ya kukataa."

Rigobert alijifuta jicho lililovimba kwa mkono wa shati. "Mi nitaenda, Madame. Nataka nione kama huyo mutu iko muzima. Bo banasema nilimuua."

Katika gari Josepha alikaa nyuma na mbwa mapajani. Asnath alimweleza kila kitu, bila kupamba na bila kuficha, kwa kuwa aliona hakuna namna nyingine ya heshima. Josepha hakulia. Alishika shingo ya mbwa kwa mikono miwili, akatazama miyombo iliyokuwa ikipita dirishani.

"Jumatatu alikula kwangu," alisema baadaye. "Kaka yangu. Alikula ule uji niliomwekea mume wangu. Akaniambia nisali."

Koplo akazidi kukanyaga mafuta.

Gari lilikwama kabla ya mto, wakaendelea kwa miguu. Mwitanga ilikuwa bonde pana, mafunjo yameota kwa wingi mpaka upande wa pili hauonekani, na juu yake mawingu yalikuwa yamekaa chini kabisa. Rigobert aliwaonyesha mahali pa kuvukia. Asnath alitoa panga kwenye mfuko, akalinganisha tope la waya na tope la ukingoni. Lilikuwa lile lile. Alilirudisha mfukoni, akaandika, maana kazi ni kazi.

Kisha akawakusanya wote karibu.

"Sikilizeni. Hapa hakuna kuita. Hakuna kupiga filimbi, hakuna kukohoa. Bunduki ya koplo imebaki garini. Mtu huyu akisikia wanaume, atajificha, na safari hii akijificha tunaweza tusimpate. Atakayesema ni njuga tu."

Alichomoa mzibo wa mafunjo kutoka kwenye njuga, wote, mpaka uzi wa mwisho. Josepha aliifunga shingoni kwa Ntabwoba. Akamnong'oneza mbwa kitu sikioni, akamwachia.

Mbwa alisimama kidogo, akanusa, kisha akaingia. Mafunjo yalijifunga nyuma yake na njuga ikaanza kulia. Ililia karibu, ikaenda kushoto, ikarudi, ikaenda mbali. Asnath alikuwa hajawahi kusikiliza kitu namna ile maishani mwake. Mlio ulidhoofika, ukawa kama wa kijiko kwenye kikombe katika nyumba ya jirani. Bado ulikuwapo. Halafu ukakatika.

Walisubiri. Upepo ulipita juu ya mafunjo, na njuga haikulia tena.

"Amezama," Ildefonce alinong'ona. "Mungu wangu, mbwa amezama."

Rigobert alifanya ishara ya msalaba. Josepha aliketi chini kwenye tope, na mkono wake ukaziba mdomo ili agizo la afande lisivunjike. Asnath alimwona akizuia kilio, na yeye mwenyewe kwa kitambo akaamini kwamba wamechelewa, kwamba amemleta mwanamke huyu hapa kuja kusikia kifo cha mumewe.

Kisha akasikiliza tena kile alichokisikia. Mbwa anayezama hupapatika, na njuga yake ingelia kama wazimu kabla ya kunyamaza. Hii haikupapatika wala kufifia. Ililia, ikaacha.

Alichuchumaa kando ya Josepha, akamshika bega.

"Haikuzama, mama. Imeshikwa. Ameiziba. Anaogopa. Sasa ita wewe. Wewe peke yako."

Josepha aliondoa mkono mdomoni. Akaita.

"Kipriani!" Sauti ilikuwa nyembamba, ikapanda juu ya mafunjo na kuanguka mbali. "Kipriani, ni jewe! Ni mimi, Josepha! Raymond hayupo. Amefungwa. Hayupo, baba wee, hayupo!"

Ndege mmoja aliruka, akaenda zake. Ildefonce alikuwa ameuma kofia yake kwa meno.

Ndipo njuga ikalia. Haikuwa mlio wa mbwa anayekimbia. Ililia mara moja, ikapumzika, ikalia tena, kwa shida, kama inayotikiswa na mkono usio na nguvu.

Josepha alikuwa ameshaingia majini na kanga yake, anaita na kulia kwa pamoja, na mafunjo yalimzuia kifuani. Asnath alirarua mfuko wa nailoni, akalitoa panga lenye waya wa shaba, akamkabidhi Rigobert.

"Afande," Ildefonce alisema, "hicho ni kielelezo cha mahakamani."

"Najua," alisema Asnath. "Rigobert, kata njia."